Inkisari za Waingereza: mwanafunzi aandike "'Twas" ama aachane nayo?

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinitandikia daftari lake la Kiingereza mezani, karibu amwagie mchuzi wa samaki, kama wakili anayewasilisha ushahidi kortini. Yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na alikuwa amerudi kwao Migosi, hapa Kisumu, kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Insha yake ilianza hivi: "'Twas a sunny morn and I ne'er knew what lay o'er the hill." Mwalimu alikuwa amezungushia maneno manne kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika neno moja kwa herufi kubwa: ARCHAIC. Yaani, ya kikale. Alama, kumi na moja kwa ishirini.

"Mjomba, si hiki ndicho Kiingereza cha Shakespeare?" akaniuliza. "Kwake kitamu, kwangu kimeingia mdudu gani?"

Mamake akamtetea kutoka jikoni: hicho ni Kiingereza kizito, na mtoto alistahili kuongezewa alama, si kupunguziwa. Jirani yetu, karani mstaafu aliyekuja kuazima ngazi, akachungulia daftari na kutoa hukumu yake. Haya ni makosa ya tahajia, akasema, mtoto ameruka herufi. Kwa dakika kumi kila mmoja alishikilia lake, na samaki akapoa.

Nimesahihisha insha za vijana kwa miaka mingi, na ubishi huu naukuta kila mahali, kwenye kwaya, kwenye kadi za harusi, kwenye makabrasha ya mazishi. Watu wazima waliosoma vizuri hawajui kama "'tis" ni Kiingereza bora kuliko "it is", au ni kosa, au ni lugha ya Biblia. Ajabu ni kwamba msomaji wa Kiswahili ana ufunguo wa jambo hili mfukoni tangu shule, ila hajawahi kuujaribu kwenye mlango huu.

Tuanze na ile alama ndogo inayoning'inia juu ya mstari, ritifaa. Sisi wa huku magharibi tumezaliwa nayo. Imo katika Ng'iya ya Siaya, imo katika Lung'anyiro ya Kakamega, imo katika Lwang'ni ya ufukweni hapa mjini. Lakini katika Ng'iya ritifaa haijafuta kitu chochote. Inakuelekeza tu utamke ng' ya puani, ile ya ng'ombe, na si ng ya ngoma. Hesabu herufi zote, zipo.

Katika Kiingereza alama hiyohiyo ilianza na kazi nyingine kabisa. Iliingia kwenye maandishi yao yaliyochapwa katika karne ya 16, kwa kufuata desturi ya Wafaransa, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba hapa palikuwa na herufi, nayo imeondoka. Ni kama msalaba mdogo juu ya kaburi. Katika "don't" imezikwa o ya "not". Katika "o'clock", neno ambalo kila mtoto wa chekechea huliimba akifundishwa saa, yamezikwa maneno karibu mawili, kwani zamani walisema "of the clock". Matumizi yake ya kuonyesha umiliki, kama "the teacher's book", yalikuja kukomaa baadaye.

Neno lililofupishwa kwa njia hiyo nitaliita mkato. Kiingereza kina mikato hai, ambayo watu huitumia kila siku wakinunua mkate, na kina mikato ya kikale, ambayo leo utaikuta hasa katika mashairi ya zamani na nyimbo za kanisani. Ya kikale inayosumbua si mingi. "'Tis" ni "it is", "'twas" ni "it was", na "'twill" ni "it will". "O'er" ni "over". "E'er" na "ne'er" ni "ever" na "never". "E'en" ni "even". "'Neath" na "'gainst" ni "beneath" na "against" zilizokatwa kichwa. Halafu kuna yale maneno yaliyobanwa tumboni, "heav'n" na "pow'r" na "wand'ring".

Linganisha "'tis" na "it's". Yote mawili yametoka kwenye "it is". Maneno hayo mawili yana i mbili, na ukiyasema haraka moja lazima ianguke. Ukiangusha ya kwanza unapata "'tis". Ukiangusha ya pili unapata "it's". Ni hivyo tu! Hakuna lililo la kifalme wala la kishenzi kati ya hayo mawili. Waingereza wa zamani walikuwa na mazoea ya kuangusha ya kwanza, wa baadaye wakaanza kuangusha ya pili, na katika karne za 18 na 19 "it's" ikaipiku mwenzake.

Kwa hiyo jirani yangu alikosea. Haya si makosa ya tahajia. Lakini mbona washairi waliing'ang'ania mikato hii hata baada ya watu wa kawaida kuiacha?

Hapa ndipo ufunguo wetu unapoingia. Aliyesoma ushairi wa Kiswahili kwa ajili ya mtihani anakumbuka swali lile lisilokosa: onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Unaandika inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, unatoa mifano, unachukua alama zako. Inkisari ni kufupisha neno ili mizani itoshe. Na mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, ambayo katika shairi la kawaida ni nane katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, na nane katika utao, kipande cha pili.

Nikamwandikia mpwa wangu mfano kwenye kisanduku cha majani chai. Tuseme umenunua kiatu cha mtumba soko la Kibuye, umefika nyumbani kinabana, na hasira zimekuwa shairi. Unaanza: "Kiatu nilichonunua". Hesabu kwa vidole: ki-a-tu-ni-li-cho-nu-nu-a. Tisa. Silabi moja imezidi, na mshororo wako wenyewe unabana kuliko kiatu. Mshairi anafanya nini? Anaikunja "nilicho" iwe "nilo": "Kiatu nilonunua, Kibuye kimenibana." Nane kwa nane. Msomaji anaelewa, na hakuna anayekuita hukujua sarufi.

Sasa rudi Kibuye asubuhi ukamwambie muuzaji vilevile, kwa sauti ileile: "Boss, kiatu nilonunua, kwako jana kimebana." Atakutazama kidogo kisha akuulize, "Sasa unaimba ama unarudisha kiatu?"

Swali la mpwa wangu lilikuwa limejibiwa hapo hapo, ila nilitaka ajionee kwa Kiingereza chenyewe. Chukua wimbo ambao mamake huuimba akiosha vyombo, Amazing Grace, uliochapishwa na John Newton mwaka 1779. Ubeti wa pili unaanza: "'Twas grace that taught my heart to fear." Kila neno hapo ni silabi moja, na maneno ni manane. Andika "It was grace" na umepata tisa, mguu mmoja umetoka nje ya blanketi. Beti za wimbo huo zinakwenda nane, sita, nane, sita, toka mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana unaweza kuziimba kwa tuni za nyimbo nyingine zenye hesabu hiyo na zisikwaruze popote.

Au chukua ule mshororo wa Thomas Gray wa mwaka 1751, ng'ombe wakirudi jioni: "The lowing herd wind slowly o'er the lea." Ni silabi kumi kamili. "Over" ingezifanya kumi na moja. Nimewahi kusimama barabarani kule Ahero jioni, ng'ombe wakivuka bila haraka, madereva wakipiga honi, na nikaona kwa nini mtu alitaka mshororo utembee kwa hatua zilizopimwa. Silabi moja ya ziada na ng'ombe mmoja anajikwaa.

Mfanano huu una mahali unapokatikia, na nisiufiche. Mshairi wa Kiswahili anahesabu silabi, basi. Mkazo wetu unajulikana unakaa wapi, silabi ya pili kutoka mwisho, hauna habari. Mwingereza anahesabu silabi na kupanga mkazo pia: hafifu, nzito, hafifu, nzito, kama mtwangio. Kwa hiyo "o'er" haimpi tu silabi pungufu. Inamwondolea silabi hafifu iliyokaa vibaya katikati ya mapigo. Ukisoma mshororo wa Gray ukipiga meza kwa kidole utausikia mtwangio huo: the LOW, ing HERD, wind SLOW, ly O'ER, the LEA. Mwenye sikio la isukuti hahitaji maelezo zaidi.

Kuna mkato mwingine ambao haujulikani sana lakini umeacha mabaki tunayoyasikia kila wiki. Zamani kiambishi -ed cha wakati uliopita kilikuwa silabi kamili. "Loved" ilikuwa mbili, lav-id. Kadiri watu walivyozidi kuimeza, washairi wakawa wanaandika "lov'd" kumwambia msomaji, hii isome moja, na wakiacha "loved" nzima wanamaanisha mbili. Leo kila mtu anasema moja na ritifaa ile haina kazi tena. Mabaki yake? Padri akisoma heri za mlimani anasema "blessed are the poor" kwa silabi mbili, bles-id. Mawakili kortini wanaitana "my learned friend", na hiyo "learned" ni mbili pia. Mwanafunzi akiuliza kwa nini "blessed" ya kanisani si ile ya "he blessed the food", jibu ni hilo.

Mamake mpwa wangu hakuridhika. "Lakini haya ni maneno ya Biblia," akasema, akija na mwiko mkononi. "Huwezi kuniambia Biblia ni ya kikale."

Tukaifungua. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya mfalme James, imejaa "thou" na "thee" na "hath", hilo ni kweli. Lakini tafuta maneno ya mwisho ya Yesu msalabani katika Yohana 19:30, ambayo kwetu ni "Imekwisha". Wale watafsiri waliandika "It is finished." Hawakuandika "'Tis finished". Shetani anapojibiwa jangwani, anajibiwa "It is written", maneno yote mawili kwa ukamilifu wake. Anayesema "'Tis finished" ni Charles Wesley, mtunzi wa nyimbo, kwa sababu yeye alikuwa na mizani ya kutimiza na watafsiri hawakuwa nayo. Mama alikuwa akichanganya Biblia na kitabu cha nyimbo, na simlaumu, vyote viwili hukaa kwenye mkoba mmoja.

Na Shakespeare? Hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa na hoja nusu. Watu hudhani mtu yule aliandika "'tis" ili aonekane mkubwa. Fungua Hamlet, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600, ukurasa wa kwanza. Si mfalme anayezungumza. Ni askari wawili wa zamu ya usiku wanapokezana lindo. Mmoja anasema "'Tis now struck twelve", mwenzake anajibu ashukuriwe kwa kumpokea, maana "'tis bitter cold". Ni soja wa getini anayekuambia saa sita imegonga na baridi imezidi! Ukimhamishia Nakuru usiku wa Julai angesema "saa hii ni baridi noma". "'Tis" ilikuwa lugha ya kijiweni ya wakati ule. Shakespeare aliandika Kiingereza cha watu wa mtaa wake. Anayemwiga leo kwa kuandika "'tis" hamwigi, anavaa nguo zake zilizochakaa.

Kila kizazi kina mikato yake na wazee wa kuilalamikia. Mwaka 1710 Jonathan Swift aliandika katika jarida la Tatler akiwakejeli vijana wa London kwa kukatakata maneno. Miongoni mwa yaliyomkera lilikuwemo "can't", ambalo leo ni la kila mtu, na "mob", neno lililokatwa kutoka Kilatini, ambalo leo polisi wetu huliandika kwenye ripoti bila kujua lilikuwa lugha ya mtaani. Nikisikia wazazi wakilalamika kuhusu "ntakupigia" na "nshafika" na "saivi" humkumbuka mzee Swift.

Kuachwa kwa mikato ya kishairi hakukuwa kwa siku moja. William Wordsworth, katika dibaji yake ya mwaka 1800, alisema anataka kuandika kwa lugha wanayosema watu hasa, na akayakataa mapambo ya kishairi yaliyorithiwa. Sawa. Kisha mwaka 1807 akachapisha shairi lake la maua ya manjano kando ya ziwa, lile lililokaririshwa na nusu ya shule za koloni, na mshororo wa pili ukatoka hivi: "That floats on high o'er vales and hills." Silabi nane. Alikuwa na msimamo, lakini alikuwa na mizani pia, na mizani ilishinda. Mimi namhurumia. Karne ya 20 ilipokuja, washairi wengi wakaanza kuandika bila hesabu ya silabi, na bila hesabu "o'er" ikakosa kazi. Ikabaki kwenye nyimbo, kwenye kadi, na kwenye matangazo ya Desemba, pale supamaketi inapobandika "'Tis the season" juu ya bei za mchele.

Nisemapo imekufa, nisieleweke vibaya. Ireland hadi leo utamsikia mtu akisema "'tis" akiongea na jirani, bila shairi wala mzaha. Hiyo ni lahaja yake. Nasi tunalo hilo. "Nilokwambia" na "alokuja", ambazo kwetu bara ni inkisari za vitabuni, mtu wa Mombasa huzisema akinunua maji ya madafu, na hahesabu mizani yoyote. Kwake si pambo. Kwa kijana wa Migosi anayeandika insha, ni pambo.

Kabla sijafika kwenye ushauri, kuna maneno yanayobandikwa kwenye kundi hili kimakosa, na mengine yana hadithi tamu. "Oft" si mkato wa "often". Kinyume chake, "oft" ndilo neno kongwe, na "often" ni yeye aliyerefushwa, mazida kama tungesema sisi. "Morn" vilevile haikukatwa kutoka "morning". "Morning" ndiyo iliyojengwa juu ya "morn" kwa kuigiza "evening". Kwa hiyo mwalimu alizungushia "morn" kwa haki, ni ya kikale kweli, lakini si mkato na haihitaji ritifaa. "Till" nayo ni kongwe kuliko "until", ndiyo sababu waandishi wengi makini huandika "till" tupu na kuiacha "'til" yenye kofia. Na "ere", ambayo wanafunzi huichanganya na "e'er" kwa kuwa zote hutamkwa kama "air", ni neno zima lenye maana ya "kabla". Ukisoma "ere the sun" ukadhani ni "ever the sun", beti nzima imekupotea.

O nayo ina mambo. Wimbo wetu wa taifa kwa Kiingereza unaanza "O God of all creation". O hiyo si kipande cha neno lolote, ni "Ee" yetu ya "Ee Mungu nguvu yetu". Ile yenye ritifaa, ya "o'clock", ndiyo kipande cha "of". Na O' ya majina ya Kiayalandi kama O'Brien si yoyote kati ya hizo. Imetoka kwenye neno lao Ó lenye maana ya mjukuu au mzao, na Waingereza ndio walioipachika ritifaa. Nalisema hili kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha aliyekuwa akitia sahihi "O'Chieng". Nilimwambia babu yake hakutoka Dublin. Alicheka, na aliendelea kutia sahihi hivyohivyo.

Basi, mwanafunzi atumie ama asitumie?

Ajue kuisoma yote. Hilo halina mjadala. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE kuna sehemu ya stadi za kuzungumza ambapo mtahiniwa huweza kupewa shairi na kuulizwa mapigo yake yanapatikanaje. Asiyejua kwamba "o'er" hutamkwa kama "or", silabi moja, atahesabu vibaya na kujibu vibaya. Na nje ya mtihani aibu ni kubwa zaidi. Nilikuwa kwenye mazishi Vihiga ambapo mjukuu alipewa kusoma shairi lililochapwa nyuma ya kabrasha. Alifika kwenye "ne'er" akasimama. Akajaribu "ni-a". Akarudi nyuma, akajaribu "ne... never", mshororo ukamvunjikia mdomoni, na watu waliokuwa wakilia wakaanza kutazama chini kwa sababu nyingine. Hutamkwa kama "air" iliyotanguliwa na n. Silabi moja, basi.

Kabrasha lilelile lilikuwa na "T'was" juu ya picha ya marehemu. Hilo ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote, na sasa lawezekana kurekebishwa na yeyote aliyesoma hadi hapa. Ritifaa hukaa juu ya kaburi. Herufi iliyokufa ni i ya "it", ambayo ilikuwa mbele ya t. Basi alama inakaa mbele: "'Twas". Simu nayo hukuharibia kwa njia nyingine. Ukiandika ritifaa mwanzoni mwa neno, mara nyingi inadhani unafungua nukuu na kuigeuza uso. Umbo sahihi linajipinda kama koma iliyopanda juu, si kama sita ndogo.

Kuandika ni habari nyingine. Katika insha, barua ya kuomba kazi, ripoti, tanzia, sioni sababu hata moja ya kuweka "'twas". Hakuna mizani pale. Inkisari ni ruhusa anayopewa mtu aliyefungwa kamba, na wewe hujafungwa. Nilimwuliza mpwa wangu, ng'ombe wa babu akipotea, utamwandikia chifu hivi: "Chifu nakuandikia, ng'ombe wangu kapotea"? Akahesabu kwa vidole chini ya meza, nikamwona. Nane kwa nane. "Mizani imetosha, mjomba," akasema. Imetosha sana, na chifu angeuliza nani amemtania.

Tabia hii ina chanzo, na si Shakespeare. Ni madaftari ya misemo. Wanafunzi wetu hukariri vifungu vya kufungulia insha, jua la dhahabu, ndege waliotua na kuimba, wakavimwaga kwenye kila karatasi iwe inahusu harusi au ajali ya bodaboda. "'Twas" huingia kwa mlango huohuo. Mtoto anaambiwa lugha nzito ina alama, anatafuta uzito, anabeba mawe. Halafu sentensi ya pili anapanda matatu kwenda Kondele na ile "'twas" inabaki kituoni imeduwaa, kanzu iliyovaliwa na gambuti. Mwalimu aliona hilo, na alikuwa sahihi. Ila neno moja jekundu halitoshi kumweleza mtoto kwamba silaha yake ni halali, vita tu ndivyo alivyokosea.

Maana pana mahali pake. Ukimnukuu mtu, mnukuu na mikato yake yote. Ukiandika igizo lenye wahusika wa karne ya 17, waache waseme "'tis". Ukifanya mzaha, fanya, mradi msikilizaji ajue ni mzaha. Na ukiandika shairi la Kiingereza lenye hesabu, ukajaribu njia zote za kulipanga upya na bado silabi moja inakukera, "o'er" ipo. Mimi ningeitumia mara moja katika shairi zima. Wengine watasema hata hiyo moja imezidi, na siku hizi wahariri wengi wa mashairi wako upande wao.

Mpwa wangu alichukua kalamu akaikata sentensi yake. "It was a sunny morning and I did not know what lay over the hill." Akaitazama. Akasema imekuwa ya kawaida. Nikamwambia ndiyo, sasa mwalimu ataona kama kuna kitu nyuma ya hicho kilima, na hapo akanyamaza, kwa sababu kumbe insha yenyewe haikuwa na chochote nyuma ya kilima.

Baadaye nilikuta kwenye kile kisanduku cha majani chai, chini ya kiatu changu cha Kibuye, ameandika mstari mwingine kwa penseli: "The wind came o'er the lake at dawn." Juu ya kila neno ameweka nukta. Nane. Chini yake ameandika tena kwa "over", akaweka nukta tisa, na ile ya tisa akaichora mkia.

Jikoni mamake alikuwa amerudi kwenye vyombo na wimbo wake. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba hahitaji ruhusa ya mtu, kwa hiyo safari hii aliimba "It was grace" kwa ukamilifu wake, kwa sauti kubwa. Tuni ikafika kwenye "it" ikakuta "was" imesimama mlangoni, akajikwaa, akarudia, akajikwaa tena. Kutoka sebuleni mpwa wangu akacheka hadi akakohoa.

"Nyamaza wewe," mamake akasema, na maji yakaendelea kumwagika.